Mchezo wa Saa Tisa Alasiri

Mwanamke ambaye kuoga kulimshinda tangu mvua zianze, ambaye sahani ya wali ilikaa mbele yake mpaka ikahamiwa na nzi, saa tisa kasorobo alikuwa ameketi dirishani, nywele kazichana, mikono kaipakata kama anayesubiri mgeni. Na mgeni alifika. Filimbi ililia mara tatu ndani ya redio, mawimbi yakavuma, kisha sauti nzito ya msimulizi ikasema kwamba Amparo, binti wa wachemsha chumvi, alikuwa bado macho, akiitazama taa yake ikipungua mafuta.

Kwa nusu saa hiyo Ludivina, ambaye mtaa mzima ulimwita Vining, hakuwa na uzito. Uzito wenyewe hakuweza kuueleza. Mumewe alipomwuliza, alisema, "Ni kama nimevaa nguo zilizolowa." Mumewe alizitazama nguo zake, akaziona kavu, akanyamaza. Jina lake lilikuwa Eleuterio, Teryo kwa ufupi, na tangu ujana alikuwa akikata barafu kiwandani, karibu na mabwawa ya samaki. Watu walisema barafu ilimwingia mpaka ulimini.

Aliyesema kwa niaba ya nyumba nzima, ya mume, mke na binti yao Lorelie, alikuwa mama yake Teryo, Nanay Candeng.

"Masikio yanafanya kazi," alisema, akisugua masizi ya chungu kana kwamba chungu ndicho kilichomkosea. "Mikono ndiyo iliyokufa. Ugonjwa gani huu wenye ratiba?"

"Nitaosha, Nanay."

"Lini? Amparo akishaolewa?"

Ndani ya redio Amparo alikuwa akivushwa mto na Isko, yule mvushaji bubu ambaye kazi yake katika mchezo ilikuwa kupiga kasia tu, chubwi, chubwi, miezi sita bila neno. Vining aliyapenda yale makasia. Aliyafuata akiwa amefumba macho, na yeye naye akavuka.

*

Siku ya Jumatatu alikuja mteja, Bi. Purita, kutafuta sare za wanawe. Shule zilikuwa zimefunguliwa, na watoto wake walikuwa wakienda darasani na sare za mwaka jana, suruali zikiwaishia juu ya vifundo. Vining alikuwa fundi hodari. Kola zake zilijulikana mpaka mji wa pili. Kitambaa cha Bi. Purita kilikuwa palepale juu ya cherehani, kimekunjwa kama kilivyoletwa, hata chaki hakijaonja.

"Bado kidogo," Vining alisema.

Bi. Purita alikitazama kitambaa, akamtazama Vining aliyevaa gauni la kulalia saa nne asubuhi, akalegeza sauti kama anayeongea na mtoto mwenye homa. "Usijisumbue, mpenzi. Nilisikia tu watu wakisema. Sikujua kama umefika huku." Akakikumbatia kitambaa chake kifuani. Kisha akafungua kimfuko cha vifungo alichokileta pamoja nacho, akavihesabu kimoja kimoja mbele ya Nanay Candeng, vyote kumi na minane, akafunga kimfuko na kusema asante.

Ni vile vifungo vilivyomwua mama mkwe. Alisimama mlangoni mpaka mgeni akapotea kwenye kona. "Miaka arobaini nimekaa mtaa huu," alisema. "Hakuna aliyewahi kuhesabu kitu chake nyumbani kwangu."

Kesho yake asubuhi aliing'oa redio msumarini, akaifunga kwenye shuka, akaipeleka kwa dada yake ng'ambo ya mto. Teryo alikuwa mlangoni akivaa buti. Aliona. Mama yake alimpita na lile furushi kwapani, akasema, "Nyumba hii itapona sasa." Teryo alimaliza kufunga kamba za buti, akaenda kazini.

*

Saa tisa kasorobo Vining aliketi dirishani, nywele kazichana. Msumari ulikuwa mtupu. Alikaa akiutazama, kisha akasikia filimbi.

Ilitoka nyumba ya pili, maana hakukuwa na nyumba isiyosikiliza mchezo ule. Akatoka jinsi alivyo. Mvua ilikuwa nyepesi, ya kuchekechwa. Alisimama chini ya dirisha la jirani, na mwenye nyumba alipotoa kichwa kumtazama, akasogea dirisha linalofuata. Akagundua kwamba akitembea polepole, sauti ya nyumba hii ikififia, ya nyumba ile inaipokea, na neno halipotei hata moja. Amparo alianza kulia kwa muuza mkaa, akamaliza kulia kwa mganga wa meno. Vining alitembea ndani ya hadithi kama mtu anayetembea ndani ya nyumba kubwa yenye vyumba vingi, na kila chumba kinamfahamu. Watoto walimfuata kidogo, wakachoka. Mtu alicheka. Miguu ilikuwa peku na haikuuma.

Kisha nyumba zikaisha. Palikuwa na mabwawa ya samaki tu, matuta yamenyooka kama mistari ya daftari, na mbingu imelala ndani ya maji. Sauti ilibaki nyuma, nyembamba, ikawa uzi, uzi ukakatika. Alisikiliza. Akahisi makasia, chubwi, chubwi, mbele yake kidogo, chini kidogo.

Mlinzi wa bwawa ndiye aliyemkuta, maji yakimfika kifuani, macho yako wazi. Vining alipoulizwa aliingiaje, hakujua kama yeye ndiye aliyeyafuata maji au maji ndiyo yaliyomfuata yeye. Teryo aliitwa kazini. Alikuja mbio na aproni yake ya mpira, akamtoa, na mikono yake ilikuwa baridi kuliko maji.

*

Hospitali ya mkoa ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa basi. Wodi ya wanawake ilikuwa ndefu, imepakwa rangi ya maji ya dafu, madirisha yake juu mno. Redio hazikuruhusiwa. Walimpa vidonge viwili asubuhi na kimoja usiku, na siku zikawa kama pamba. Aliamka, akalala, akaamka, na dari lilikuwa lilelile. Daktari kijana alimweleza kwamba huo si uvivu wala laana, ni ugonjwa kama ulivyo ugonjwa wa moyo, na dawa huchukua muda. Vining aliitikia kwa heshima. Maneno yalimpita kwa juu kama ndege.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha Mwalimu Mercedita, mstaafu, ambaye aliletwa kila mwaka msimu wa mvua, na aliyejua majina ya manesi, ya wagonjwa na ya paka.

"Unakula au huli?" aliuliza.

"Sina njaa."

"Sikuuliza njaa. Jibu swali."

Teryo alikuja kila jioni, saa kumi na moja, moja kwa moja kutoka kiwandani, nywele bado zina maji. Aliketi kwenye kigoda. "Umekula?" aliuliza. "Kidogo," Vining alidanganya. Baada ya hapo hawakuwa na jambo. Teryo alikaa saa nzima akivitazama viganja vyake, kengele ikalia, akaondoka. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Ya tatu alisimama kuondoka, akafika katikati ya wodi, akarudi.

"Amparo ameuza kinu," alisema.

Vining aligeuza kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike wodini kukigeuza bila kuambiwa.

"Kinu cha mama yake?"

"Hicho."

"Kauza kwa nani?"

Teryo alikuna shingo. Redio ya kiwandani ilitundikwa juu ya mashine ya kusagia barafu, na nusu ya maneno huwa yanasagwa pamoja na barafu. "Sikusikia vizuri. Kesho nitasogea karibu."

Kesho yake alisogea. Akasimulia kama anavyoweza, macho chini, kama askari anayetoa ripoti: "Akaja yule mwanamume mwenye pesa. Akasema anataka shamba la chumvi. Amparo akalia. Halafu akaacha kulia. Halafu wakapiga muziki."

"Mungu wangu!" Mwalimu Mercedita aliketi kitandani kwake. "Alilia kwa nini? Akaacha kwa nini? Mtu haachi tu kulia, kama bomba! Rudia, sentensi kamili."

Teryo aliwaka uso. Lakini alirudia. Na siku iliyofuata alifika na karatasi ya mfuko wa saruji, ameandika kwa penseli. Baada ya juma moja wagonjwa wanne walikuwa wanavuta vigoda vyao ikifika saa kumi na moja, na nesi wa zamu alipata sababu ya kukunja shuka karibu na kitanda kile. Teryo alijifunza kusubiri kabla ya kusema "halafu." Akajifunza sauti ya tajiri, ambayo aliitoa puani. Sauti ya Amparo aliiacha ilivyo, yake mwenyewe, akaipunguza tu. Vining alilala na kuisikiliza akiwa amefumba macho. Vidonge viliyafanya maneno yaje polepole, kwa mbali, kama taa za mtu anayekuja kutoka upande wa pili wa shamba. Sahani ya uji ilikuwa mapajani, na kwa kuwa mkono haukuwa na kazi nyingine, ulishika kijiko.

*

Wiki ya nne mchezo ulibadilika.

Ulianza na Isko, yule bubu. Jioni moja Teryo aliketi, akaikunja ile karatasi bila kuisoma, akasema kwamba Isko ameongea.

"Haiwezekani," alisema Mwalimu Mercedita. "Ni bubu."

"Hakuwa bubu. Alikuwa hajui aanzie wapi."

"Akasemaje?" Vining aliuliza.

Teryo alisubiri. Nje ya dirisha mvua iliacha, na mfereji ukawa unadondoka peke yake. "Alimwambia Amparo hivi: 'Siku ile walipoichukua taa yako, mimi niliona. Nilikuwa mlangoni. Ningenyoosha mkono tu, ingebaki. Nikafunga kamba za viatu vyangu, nikaenda zangu.'"

"Isko huwa peku," alisema Mwalimu.

"Siku hiyo alikuwa na viatu."

Vining alihisi kitu kikipita mgongoni, chepesi, kama unywele. Akadhani ni dawa. "Amparo akamjibuje?" aliuliza.

"Hakujibu. Wakapiga muziki."

Tangu siku hiyo mchezo ukawa wa ajabu. Tajiri mwenye sauti ya puani alisahaulika kabisa. Wakuu wa mji wakatoweka, na kesi ya shamba pia. Kilichobaki ni mtumbwi mmoja, mwanamke mmoja ambaye hakuweza kusimama, na mvushaji ambaye alijifunza kuongea akiwa mtu mzima. Walipita vijiji ambavyo watu walichemsha chumvi kwa mwanga wa mwezi, wakapita kisiwa ambacho mbwa wote walikuwa vipofu na hawakubweka, na popote walipofika Amparo alisema hawezi kushuka, na Isko alisema si lazima. Wodi nzima ilisikiliza bila kukohoa.

"Huyu mume wako," Mwalimu Mercedita alimnong'oneza Vining taa zilipozimwa, "kichwa chake ni kizuri kuliko sura yake."

"Unasema nini?"

"Nalala. Sijasema kitu."

*

Nanay Candeng alikuja Jumapili moja asubuhi, mara yake ya kwanza, akamleta Lorelie, mjukuu wake wa miaka kumi. Mtoto alimkumbatia mama yake kwa tahadhari, kama anayekumbatia kikapu cha mayai, kisha akajisahau na kumbana kwa nguvu. Nanay alibaki wima, mkoba mbele ya tumbo. Alikuwa ameleta samaki wakavu, na hakujua ampe nani.

"Umenenepa," alisema hatimaye.

"Kidogo, Nanay."

"Vizuri." Akatazama dari, akatazama miguu ya kitanda. "Redio niliirudisha. Siku ileile walipokuleta huku. Iko msumarini." Akaubana mkoba. "Nikawa naiwasha, ili... nyumba isiwe kimya. Nikaanza kuufuata na mimi, ule upuuzi wenu. Na wiki ile walipomwua yule binti, nililia mpaka jirani akaja kuuliza nani amefiwa."

Vining alimtazama. "Walimwua nani?"

"Huyo Amparo! Wakamtosa baharini, mtoto wa watu, na ndoa ilikuwa karibu. Mashetani wale. Hiyo saa tisa sasa wanatangaza dawa ya minyoo."

"Lini, Nanay?"

"Wiki tatu sasa, au hujui? Teryo hakukwambia?" Nanay aliketi kitandani bila kukaribishwa. "Huyo naye sijui kapatwa na nini. Anakula huku anaandika. Juzi kaniuliza, 'Mama, mtu akiwa mtumbwini siku nyingi, anakula nini?' Nikamwambia, samaki, mpumbavu wewe, atakula nini kingine? Akaandika."

Mwalimu Mercedita, kwenye kitanda chake, alikuwa ameligeukia dirisha, mabega yakimtikisika. Haikujulikana kama ni kicheko au kilio.

Vining alifumba macho. Alikuwa akiona kiwanda kile, ukungu wa barafu, wanaume wa aproni wamesimama chini ya redio siku ile ya mwisho, na mmoja wao akisikia sauti ya maji ikimfunika Amparo, naye ana basi la kuwahi. Saa nzima ya safari. Alikuwa na saa nzima ya kuamua, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuamua hata rangi ya mlango.

"Nanay," alisema, "huyo samaki wako wa mtumbwini, jana walimla. Alikuwa mtamu."

Mama mkwe alifikiri dawa zimempanda kichwani. Akamshika mkono, kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi, akaendelea kuushika.

*

Jioni Teryo alikuja, nywele zina maji. Vigoda vilivutwa. Akasimulia kwamba mtumbwi umefika mahali ambapo mto unagawanyika, mkono mmoja unaelekea baharini na mwingine nyumbani, na Isko ameacha kupiga kasia.

"Kwa nini?" nesi aliuliza, shuka mkononi.

"Ana swali." Teryo alinyamaza. Watu walisubiri, wakajua ni ile subira yake ya ufundi. Lakini ilizidi. Alivitazama viganja vyake, akaifungua karatasi yake, akaikunja. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. "Alimwuliza... Isko alimwuliza Amparo kama..."

Hakuweza. Nje ndege wadogo wa paani walikuwa wakigombea mahali pa kulala.

"Mimi najua alivyojibu," alisema Vining.

Teryo aliinua macho.

"Amparo alisema: 'Sijapona, Isko. Pengine ugonjwa huu hautaisha wote. Kuna siku nitalala humu mtumbwini na hutaniona uso. Lakini usinipeleke baharini. Pinda upande wa nyumbani, uende polepole.'"

Masikio ya Teryo yalikuwa yameiva. "Umesikia wapi hayo?"

"Mama yako alikuja leo."

Akafahamu. Aliinama, mikono usoni, na mabega yake makubwa ya kubeba barafu yakawa yanapanda na kushuka. Hakuna aliyecheka. Mwalimu Mercedita alijipangusa pua kwa ncha ya shuka, akasema kwa sauti ya darasani, "Sentensi kamili. Zote."

*

Vining alirudi nyumbani mvua zilipokwisha. Hakupona kama mtu anavyopona homa, akaamka siku moja na kuomba chakula. Alimeza vidonge vyake, akaenda kliniki kila mwezi, Teryo akingoja nje na kofia mkononi. Siku nyingine alishona kola tatu kabla ya saa sita. Siku nyingine zile nguo zilizolowa zilimrudia, akaligeukia ukuta, na hata redio ikawa kelele tu.

Siku moja ya namna hiyo Teryo alikuwa kazini na Lorelie shuleni. Nanay Candeng alisimama mlangoni mwa chumba muda mrefu, mwiko mkononi. Alifungua kinywa mara mbili, akakifunga. Mwishowe aliuweka mwiko chini, akaja, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, nyuma ya mgongo wa mkwewe.

"Mimi hadithi za kutunga sijui," alisema. "Najua za kweli tu. Lakini leo sokoni, Purita amegombana na muuza kamba."

Ukuta haukujibu. Nanay alijikohoza.

"Kamba walikuwa wananuka. Purita kasema wanuka, mwuzaji kasema pua yako ndiyo inanuka. Watu wamejaa. Purita akatia mkono kwenye beseni, akashika kamba mmoja mkubwa hivi, akamnyanyua juu watu wote wamwone..."

Akanyamaza. Alikuwa amemtazama mwanawe akisimulia jioni nyumbani vya kutosha kujua mahali pa kusubiri.

Kitanda kilisogea kidogo. Sauti ilitoka ukutani, nzito, ya mtu aliye mbali lakini anayekuja.

"Halafu?"

"Halafu, mwanangu," alisema Nanay Candeng, akimsogezea mto mgongoni, "ndiyo ugeuke ukae vizuri, maana hapo ndipo palipochafuka."